Amepewa shime sikio, mbona harudi kliniki?

Kwenye kliniki za masikio kuna kauli inayonikera kuhusu mgonjwa aliyepewa shime sikio, yaani kifaa cha kumsaidia kusikia: "Asiporudi, ujue kifaa kinamtosha." Hakiwezi kumtosha. Siku ya kwanza huwa hatukusudii kimtoshe.

Mtu mzima anapovaa shime sikio (wengi wanaiita mashine tu) kwa mara ya kwanza, mara nyingi tunaiweka chini ya kiwango anachohitaji. Amekaa miaka bila kusikia kijiko kikigonga sahani, wala maji yakidondoka bombani. Ukimfungulia sauti zote kwa mkupuo, ataivua kabla hajafika kituo cha daladala. Hata sauti yake mwenyewe humvumia kama anaongea ndani ya pipa. Kwa hiyo tunampa wiki mbili tatu azoee, kisha anarudi na kutueleza kipi kinamuudhi na kipi bado hakisikii, nasi tunapandisha au kushusha. Asiporudi anabaki na mashine ya siku ya kwanza. Akiitupia kabatini, nyumbani wanasema mzee mkaidi.

Nauli ni sababu, tena kubwa. Wataalamu wa usikivu ni wachache na wengi tuko mijini. Mzee wa Kilwa akija Dar es Salaam na mtu wa kumsindikiza, hiyo ni nauli ya wawili, malazi, na kazi iliyolala. Lakini wapo wanaoishi jirani na hospitali na hawarudi pia. Hapo lazima tujitazame sisi.

Tunamkumbusha kwa kumpigia simu. Mtu asiyesikia! Simu ya kawaida hupitisha sehemu tu ya sauti ya binadamu, takriban kati ya hezi 300 na 3,400 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), na midomo haionekani. Aliyepoteza sauti nyembamba hukosa hasa s, t na f. Mwambie "Jumatano saa tisa" halafu muulize amesikia nini: huenda ni Jumatatu, huenda ni saa sita. Ataitikia "haya, asante", kwa sababu ameshachoka kuomba watu warudie. Siku ikipita, kwenye jalada tunaandika "hakufika".

Na akifika? Nesi anasimama mlangoni, barakoa usoni, feni inanguruma, anaita majina. Mama mmoja mshonaji alikaa benchi asubuhi nzima akitazama mlango, jina lake likaitwa na kupita. Alipojisogeza dirishani akaambiwa zamu yake ilishapita. Mtu akitendewa hivyo, simshangai asipokuja tena.

Kingine kinachowakatisha tamaa ni vitu vidogo. Betri za mashine hizi zina kibandiko. Ukikibandua hewa huingia na betri huanza kutumika, hata ukiizima mashine. Nyingi humaliza wiki moja au mbili, na duka la dawa la mtaani huenda halina. Asiyekumbuka namba ya betri yake aangalie rangi ya kibandiko: chungwa ni 13, bluu ni 675. Halafu kuna ule mrija laini unaopeleka sauti sikioni. Kwa joto na jasho hukakamaa ndani ya miezi michache, au matone ya unyevu huziba njia ya sauti. Mgonjwa huamini masikio yake yamezidi kufa, kumbe mrija tunaubadilisha kwa dakika chache akiwa amekaa palepale.

Kila tarehe 3 Machi, Siku ya Usikivu Duniani, tunatangaza vifaa vilivyogawiwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma hizi, kwa hiyo kugawa ni lazima. Ila ningependa tutangaze pia wangapi bado wanavivaa mwaka mmoja baadaye.

Wenzangu wa kliniki, tuandike tarehe na saa kwa tarakimu kubwa kwenye kadi. Tutume meseji, hata simu ya kitochi inapokea. Mgonjwa akiridhia, tuchukue na namba ya mtu wa nyumbani. Na zamu yake ikifika, tumfuate alipoketi tumwonyeshe jina lake.

Nawe mwenye mzazi ambaye mashine yake iko kabatini, ichukue uitazame. Mrija ukiwa wa njano na mgumu, au tundu limezibwa na nta, mlete pamoja nayo, hata kama tarehe yake ilipita mwaka jana. Hatutamgombeza.