Eti mtoto hawezi kuwa shahidi?

Huku Kigoma, Ujiji mpaka Mwanga, bado utasikia watu wazima kabisa wanasema kesi ikimtegemea mtoto basi imekufa. Sio kweli jamani. Sheria ya Ushahidi ilivyorekebishwa 2016 inamruhusu mtoto asiyezidi miaka 14 atoe ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema ukweli na sio uongo. Kinachoharibu kesi mara nyingi kinaanzia nyumbani, mama anauliza, shangazi anauliza, mjumbe nae anauliza, "ni fulani, si ndiyo?", tena na tena, mtoto anaona kama jibu lake la kwanza limekataliwa anabadilisha, na inaniuma sana hii. Muulize tu "ilikuwaje?" halafu nyamaza umsikilize, akisema sijui usimlazimishe, mpeleke dawati la jinsia na watoto polisi.