Usalama wa wahudumu wa afya wakati wa mlipuko: maana yake hasa

Usalama wa wahudumu wa afya wakati wa mlipuko ni utaratibu mzima unaowekwa na hospitali ili anayemhudumia mgonjwa asiambukizwe, asipeleke ugonjwa nyumbani kwake, na ajue kila siku anakabiliana na nini. Wengi wetu tukisikia maneno hayo tunafikiria barakoa, glovu na yale mavazi meupe ya kufunika mwili mzima. Vifaa hivyo vimo, lakini viko mwishoni mwa utaratibu. Mwanzoni kabisa kuna taarifa, na taarifa ndiyo husahauliwa mapema kuliko vyote.

Tarehe 7 Machi 2003 wagonjwa wawili walifika katika hospitali mbili za Kanada, mmoja Vancouver na mwingine Toronto. Wa Vancouver alikuwa amelala katika hoteli moja ya Hong Kong. Wa Toronto aliambukizwa na mama yake, ambaye naye alikuwa amelala katika hoteli hiyo hiyo. Ugonjwa wao ulikuwa mmoja, ule uliokuja kuitwa SARS, na siku hiyo ulikuwa bado hauna jina wala kipimo. Lakini Vancouver, kituo cha jimbo cha kudhibiti magonjwa kilikuwa kimezitahadharisha hospitali tangu Februari kwamba kuna maradhi ya mapafu yasiyoeleweka upande wa China na Hong Kong. Mgonjwa alipoingia, walio zamu walijua la kuuliza. Akatengwa ndani ya dakika chache, na waliomhudumia wakajikinga. Toronto tahadhari ya namna hiyo haikuwa imewafikia walio zamu. Mgonjwa wao alikaa saa nyingi katika chumba cha dharura, katikati ya wagonjwa wengine.

Vancouver haikupata mlipuko. Katika eneo la Toronto walikufa watu 44, wakiwemo wauguzi wawili na daktari mmoja. Barakoa zilikuwepo katika miji yote miwili. Habari ndiyo iliyofika mji mmoja tu.

Taarifa hiyo ilitoka juu kwenda chini. Kuna nyingine inayotakiwa kutoka chini kwenda juu, na hapo Toronto ilijikwaa mara ya pili. Mwezi Mei, baada ya kuonekana kwamba ugonjwa umekwisha, tahadhari zililegezwa. Wauguzi wa hospitali moja wakaona watu wa familia moja wanaumwa mapafu, wakasema waziwazi kwamba hii inafanana na SARS. Wakajibiwa kwamba siyo. Tarehe 23 Mei wimbi la pili likatangazwa. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Archie Campbell ilisisitiza baadaye kwamba hospitali isisubiri sayansi ipate uhakika kamili ndipo iwalinde wafanyakazi wake. Nakubaliana nayo kwa moyo wote. Muuguzi anayeshinda na mgonjwa kwa muda wa saa nane ataona mambo ambayo hayajafika kwenye ripoti yoyote, na akinyamazishwa mara moja, mara ya pili hatasema.

Katika wodi, kumpa mhudumu taarifa kuna sura ya kawaida kabisa. Ni kikao kifupi kabla ya kila zamu: tuna wahisiwa wangapi, yaani wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wako wapi, nini kimebadilika tangu jana, glovu na aproni zimebaki kiasi gani, jambo gani bado halijulikani. Hilo la mwisho viongozi wengi hulikwepa, wakidhani kusema "hatujui bado" kutawatia watu hofu. Hofu inaletwa zaidi na ukimya, kwa sababu nafasi iliyoachwa wazi hujazwa na uvumi wa WhatsApp. Tangazo lazima liwe na tarehe, litoke kwa mtu mmoja anayejulikana, na la jana libanduliwe. Tena liwe katika lugha ya anayelisoma. Maelekezo ya kuvua mavazi ya kujikinga yakibandikwa ukutani kwa Kiingereza, mfanyakazi wa usafi anayebeba taka za wodi hiyo kila asubuhi ameachwa bila kinga.

Zaidi ya taarifa, wataalamu wa usalama kazini hupanga kinga kwa ngazi. Ya juu ni kuiondoa hatari kabla haijaingia, kwa mfano kuwachunguza wagonjwa getini na kuwaelekeza wahisiwa njia yao. Inafuata kubadilisha mazingira: wodi ya kutenga, madirisha yanayopitisha hewa, njia moja ya kuingilia na nyingine ya kutokea. Kisha taratibu za kazi, kama zamu fupi na kupunguza idadi ya wanaoingia kwa mgonjwa. Vifaa kinga ni ngazi ya mwisho, kwa sababu vinamtegemea binadamu aliyechoka, anayetoka jasho, aliyeamshwa usiku. Kuvivua ndiko kwenye hatari kubwa kuliko kuvivaa, kwa maana nje ya gauni ndiko uchafu uliko. Ndiyo maana kwenye wodi za Ebola anayevua husimamiwa na mwenzake, anayemwelekeza hatua kwa hatua na kumkumbusha kunawa kila mara.

Hospitali ya Lacor, Gulu, kaskazini mwa Uganda, inaonyesha jinsi ngazi hizo zinavyotegemeana. Oktoba 2000 Daktari Matthew Lukwiya, aliyekuwa masomoni Kampala, aliitwa arudi kwa sababu watu walikuwa wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka, wanafunzi wa uuguzi wakiwa miongoni mwao. Alipekua mafaili ya waliokufa, akashuku homa ya kutoka damu, akaanzisha wodi ya kutenga kabla maabara haijathibitisha kwamba ni Ebola. Mlipuko ule ulipata wagonjwa 425, wakafa 224. Wengi zaidi wangekufa bila uamuzi wake. Lakini mwezi Novemba, muuguzi mwenzao aliyekuwa akitoka damu alihitaji msaada wa haraka, na Lukwiya akamkimbilia akiwa amevaa kila kitu isipokuwa kinga ya macho. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Kama yeye, aliyeijua hatari ile kuliko wote pale, alipitiwa katika dharura moja, basi haifai kumlaumu muuguzi wa kawaida kwa kukosea. Utaratibu ndio upangwe ukijua kwamba mtu atakosea.

Kutomlaumu kuna faida ya moja kwa moja. Mhudumu aliyejichoma sindano au kurushiwa majimaji ya mgonjwa anatakiwa aseme saa ileile, afuatiliwe siku 21 kama ni Ebola au Marburg, ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola, na apimwe mara homa ikianza. Akijua kwamba atafokewa, au siku hizo atakatwa mshahara, atanyamaza na kuendelea na zamu.

Rwanda ilipotangaza mlipuko wa Marburg tarehe 27 Septemba 2024, wagonjwa wengi walikuwa watumishi wa hospitali. Marburg huanza na homa, kichwa na uchovu kama malaria, na mgonjwa wa namna hiyo hupokelewa bila tahadhari ya pekee. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha mwezi Desemba walikuwa wameugua watu 66 na kufa 15, kiwango cha vifo kilicho chini sana kwa ugonjwa huu. Waliotangamana na wagonjwa walifuatiliwa kwa karibu, wagonjwa wakatibiwa mapema, na chanjo ya majaribio ikaanza kutolewa tarehe 6 Oktoba, wahudumu wa afya wakitangulizwa.

Kutanguliza wahudumu kunahitaji orodha, na orodha ina mtego wake. Ikiandikwa kutoka daftari la mishahara la hospitali peke yake, itawaacha nje wafanyakazi wa usafi walioajiriwa na kampuni, walinzi wa getini, wanafunzi walio mazoezini, wanaojitolea na dereva wa gari la wagonjwa aliyeazimwa kutoka wilaya nyingine. Afadhali iandikwe kwa kusimama mlangoni siku nzima, usiku na mchana, na kuchukua jina la kila anayeingia wodini kufanya kazi.