Chemsha bongo: kwa nini inanoga

Chemsha bongo ni maswali mafupi yenye majibu yanayojulikana. Mtu hujipima na kuambiwa papo hapo kama amepata au amekosa. Haina cheti wala ada, lakini ikianza kijiweni, watu husimamisha hata bao. Utamu wake uko zaidi katika kukaribia kujua kuliko katika kujua kwenyewe.

Mwaka 1994 mtafiti wa Marekani, George Loewenstein, alieleza kwamba udadisi huzuka mtu anapoona pengo kati ya anachokijua na anachotaka kukijua. Chukua maswali matatu ya kuulizia Lindi mjini. "Zao kuu la biashara la huku kwetu ni lipi?" Korosho, na hakuna anayefurahi. "Mjerumani gani aliongoza uchimbaji wa mifupa ya mjusi mkubwa pale Tendaguru kuanzia 1909?" Kimya. Ni Werner Janensch, lakini wengi hawajawahi kulisikia jina hilo, hivyo hata wakiambiwa halisisimui. "Je, mifupa hiyo iko mji gani leo?" Hapo benchi zima linaamka. Ujerumani wanaijua, mji ndio unaowapiga chenga. Huyu Hamburg, yule Munich, mwingine jibu linamjia halimjii. Likitajwa Berlin, hata aliyekosa anapiga paja: "Nilikuwa nalo!"

Kukosa nako kunahitaji kupewa heshima, na vitendawili vinalijua hilo tangu zamani. Aliyeshindwa haaibishwi, anaombwa mji. Akisema "Nakupa Mikindani", mtegaji anaupokea, anajisifu kidogo, kisha anatoa jibu. Kushindwa kumekuwa sehemu ya mchezo, na aliyeshindwa anabaki akisubiri kingine.

Faida ipo pia kwenye kumbukumbu. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma habari na wale waliojipima kwa kuiandika kutoka kichwani. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi.

Ukitunga, maswali 10 yanatosha. Anza na mawili rahisi ili kila mtu apate chochote, weka moja gumu kweli, yaliyobaki yawe ya aina ile ya Berlin. Uliza, subiri sekunde 10 hadi 15, toa jibu hapo hapo pamoja na sentensi moja ya maelezo. Ukiyalimbikiza majibu hadi mwisho, hamu ya swali la kwanza itakuwa imeshapoa.

Kinachoharibu kuliko vyote ni swali lenye majibu mawili sahihi. "Makao makuu ya Jimbo la Kusini yalikuwa wapi?" litazua ugomvi, maana enzi za ukoloni yalikuwa Lindi kabla ya kuhamia Mtwara. Taja kipindi unachokiulizia.