"Kocha, mwanangu atauzwa lini?" na dhana nyingine potofu kuhusu mpira na vijana

Hakuna swali ninaloulizwa na wazazi kama hili. Mtoto ana miaka kumi na miwili, ndiyo kwanza anajifunza kutuliza mpira, na nyumbani ameshapangiwa Ulaya. Nimelisikia mno, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu.

Dhana: Mradi wa mpira kwa vijana wenye maisha magumu upo ili kutoa wachezaji wa kulipwa.

Ukweli: Hata kwenye akademia za klabu kubwa, zenye madaktari na viwanja vya kisasa, watoto walio wengi huachwa kabla ya kufika timu ya wakubwa. Ukiupima mradi kwa idadi ya waliouzwa, karibu kila aliyeingia atatoka akijiona ameshindwa. Kijana aliyekwisha kunyimwa mengi tunamwongezea jeraha jingine, tena kwa mikono yetu.

Na matapeli wanakula kwa dhana hii. Mtu anatokea uwanjani na fulana ya klabu, anasifu mguu wa kushoto wa mtoto, kisha anaomba hela ya pasipoti na ya "majaribio". Mzazi anakopa. Wazazi, sikilizeni: kifungu cha 19 cha kanuni za uhamisho za FIFA kinakataza kumsajili mchezaji nje ya nchi yake kabla hajafika miaka 18. Vighairi vipo, lakini ni vichache, kama vile wazazi kuhama kwa sababu zisizohusu mpira, au mtoto kuishi karibu kabisa na mpaka. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, na haruhusiwi hata kumsogelea mtoto bila idhini ya maandishi ya mzazi. Zaidi ya hapo, anatakiwa asubiri hadi ibaki miezi 6 mtoto afike umri wa kusaini mkataba wa kwanza kwa sheria za nchi anakotaka kumpeleka. Anayemfuata mtoto wa miaka kumi na mitatu akimwahidi Ulaya anavunja kanuni. Usimpe hata nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Tupime nini basi? Tazama MYSA, chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa Mathare, Nairobi, mwaka 1987. Katika ligi yao, timu iliyomaliza kazi ya kusafisha mtaa ilipewa pointi 6, wakati ushindi uwanjani ni pointi 3. Kijana anayejitolea kufundisha wadogo au kuchezesha mechi hujikusanyia pointi zake binafsi, na tuzo yake hulipwa shuleni kama ada. Kutoka humo ilizaliwa Mathare United, mabingwa wa Kenya mwaka 2008, na wengi hukumbuka kombe hilo tu. Mimi humkumbuka kijana anayepanga ratiba ya ligi, anayekagua kadi za wachezaji, anayesikiliza rufaa ya timu iliyokasirika na kuandika uamuzi. Hiyo ni kazi, na anaijua akiwa bado mwanafunzi.

Dhana: Mpira wenyewe hufundisha nidhamu.

Hapana. Watupie vijana mpira uondoke, na mbabe atabaki mbabe: atachagua timu, atapiga penalti zote. Fundisho hupangwa. Medellín, Kolombia, baada ya Andrés Escobar, beki wa timu ya taifa, kuuawa mwaka 1994, walianzisha mechi zisizo na refa ambamo bao la kwanza la timu lilipaswa kufungwa na msichana. Utaratibu huo ndio chimbuko la mtindo wa mchezo uitwao football3: vijana hukaa duara kukubaliana kanuni, hucheza, kisha hurudi kwenye duara na timu hupeana pointi za uungwana. Makocha wenzangu, kwenye duara nyamazeni! Ukidakia tu kuamua nani kakosea, somo limekwisha.

Kuhusu wasichana, eti hawapendi mpira: waulize ratiba kwanza. Mazoezi yakiisha giza limeingia, au yakigongana na saa ya kuchota maji, hawatakuja. Shirika la Moving the Goalposts la Kilifi, Kenya, linafanya kazi na wasichana tangu 2001, na wanacheza.

Wafadhili nao huniambia tuanze na jezi na njumu. Hela ya kwanza iende kwenye mafunzo ya kocha: huduma ya kwanza, ulinzi wa mtoto, na kanuni kwamba hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mahali pa faragha.

Na mwalimu anayetaka tumfungie mazoezi mwanafunzi aliyefeli, nakataa. Mlete uwanjani, tumuulize kulikoni. Mara nyingi kocha ndiye mtu mzima pekee anayemuuliza wiki nzima.