Kabla ya Barua ya Kufukuzwa: Mwanafunzi Anayetumia Vileo Anahitaji Nini Shuleni

Katika shule nyingi za bweni nchini Uganda, mwanafunzi anayekutwa na pombe au bangi huitiwa mzazi, hupewa barua, na kabla ya jioni amekwisha kupanda bodaboda pamoja na sanduku lake la bati. Sisi tunaowapokea vijana hao baadaye katika huduma za afya ya akili tunaona kwamba shule imemwondoa mwanafunzi, lakini tatizo limerudi naye nyumbani, ambako mara nyingi ndiko lilikoanzia.

Vitu vyenyewe vinajulikana. Wapo wanaotafuna mairungi, yaani miraa, usiku wa kuamkia mtihani ili wakeshe na vitabu, wapo wanaobana kuba mdomoni, yaani ile tumbaku isiyovutwa iliyopigwa marufuku na Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2015, na wapo wanaoingiza waragi, pombe kali ya Uganda, bwenini katika chupa ya maji ya kunywa. Pombe ya vifuko ilipopigwa marufuku mwaka 2019 tulishukuru, kwa kuwa kifuko kilitosha kabisa katika mfuko wa sare. Hata hivyo, marufuku haimwambii mtoto afanye nini na kile kinachomkosesha usingizi.

Mwalimu wa nidhamu huuliza, "Umeitoa wapi?" Swali hilo lina mahali pake, ila la kwanza liwe, "Inakusaidia nini?" Kijana mmoja wa kidato cha tatu alikaa mbele yangu karibu robo saa akivuta uzi wa mkono wa sweta yake bila kusema neno. Hatimaye alieleza kwamba tangu baba yake afariki, jina lake lilikuwa likisomwa kila Jumatatu paredi miongoni mwa wanaodaiwa karo, na kwamba akinywa Jumapili usiku, asubuhi halisikii vizuri jina hilo likisomwa. Kamati ya nidhamu haikulijua hilo kwa sababu haikumuuliza.

Shule zetu zina mwalimu mwandamizi wa kike na mwenzake wa kiume, ambao kazi yao ni malezi. Tatizo ni kwamba wengi wao wana vipindi vingi kama walimu wengine na humsikiliza mwanafunzi wakiwa wamesimama ukumbini. Wapunguziwe vipindi, wapewe chumba ambacho wapitao hawaoni nani ameingia, na kisha wamwambie mwanafunzi mapema kwamba siri yake itatunzwa, isipokuwa pale maisha yake au ya mwenzake yanapokuwa hatarini au anapodhulumiwa. Zamani binti wa Kiganda alikuwa na ssenga, yaani shangazi, wa kumwambia asiyoweza kumwambia mama. Bwenini ssenga hayupo, na lazima awepo mtu wa kushika nafasi hiyo. Nje ya shule, simu ya watoto 116 hupigwa bila malipo.

Kuna jambo ambalo walimu hulikosea kwa nia njema. Kijana aliyezoea kunywa sana kila siku akizuiwa ghafla anaweza kutetemeka, kutoka jasho na hata kupata degedege, kwa hiyo asifungiwe bwenini "mpaka imtoke", apelekwe kwa daktari. Anayesema anataka kufa asiachwe peke yake hata kidogo. Hospitali ya Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili jijini Kampala, ina kitengo cha kuwatibu walioathirika na vileo na dawa za kulevya, ingawa wengi hawahitaji kufika huko wakipata msaada mapema. Fimbo haina nafasi hapa. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yameikataza shuleni, nasi hatujaona mtu aliyeacha kileo kwa kuchapwa.

Kijana niliyemtaja alibaki shuleni. Mwalimu mkuu aliagiza majina ya wadaiwa yasisomwe tena paredi, akawa anazungumza na wazazi moja kwa moja, na mwalimu wa hisabati akakubali kukaa naye kila Ijumaa jioni kufidia vipindi alivyokosa. Muhula uliofuata alikunywa tena mara moja. Asubuhi yake alikwenda mwenyewe kugonga mlango wa mwalimu mwandamizi, kabla mtu yeyote hajamkuta.