Picha ya ndege inakwama wapi kati ya simu na seva

Chama cha watazamaji wa ndege kikiniita kurekebisha tovuti yao, ombi la kwanza karibu kila mara ni sura: rangi, nembo, ukurasa wa mbele. Sibishi. Naomba tu mwanachama mmoja, asiwe yule kijana wao wa kompyuta, atoe simu anayoitumia kila siku na aweke picha moja nikimwangalia. Habari ya rangi huishia hapo.

Tupige hesabu. Simu ya kawaida inayouzwa Luthuli Avenue, Nairobi, hupiga picha ya megapikseli 12 au zaidi. Megapikseli 12 ni pikseli 4000 kwa 3000, na faili lake la JPEG huwa megabaiti 3 hadi 5 hivi. Tuseme 4, yaani megabiti 32, maana baiti moja ni biti 8. Ukiwa ndani kabisa ya msitu wa Karura, au umebanwa kwenye matatu jioni, unaweza kupata megabiti 1 kwa sekunde ya kupandisha. Picha moja itachukua nusu dakika na ushee. Kumi zitapita dakika tano, na mtandao usikatike hata mara moja katikati. Kasi unayosomewa kwenye matangazo ni ya kupakua. Kupandisha kwa kawaida huwa taratibu zaidi. Na hizo megabaiti 40 zinatoka kwenye bando la mtu, kwa ajili ya picha itakayotazamwa kwenye skrini ya upana wa vidole vinne.

Hata ikifika, mlango unaweza kuwa umefungwa. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, ikitumia programu ya nginx na kuachwa ilivyokuja haipokei kitu kinachozidi megabaiti 1. PHP, lugha inayoendesha tovuti nyingi, nayo ikiachwa hivyo hivyo inaishia megabaiti 2 kwa faili na 8 kwa fomu nzima. Kwa hiyo picha ya megabaiti 4 inakataliwa, na mara nyingi mwenye simu haambiwi sababu: anaona namba 413, yaani kilichotumwa ni kikubwa mno, au ukurasa mweupe, au fomu imerudi tupu. Kwa upande wa PHP ni mbaya zaidi, maana faili husafiri lote kwanza ndipo likataliwe. Mtu anajaribu tena, analipia tena.

Fundi wengi hapo hupandisha kikomo hadi megabaiti 20 na kutuma ankara. Kikomo lazima kipande kidogo, sikatai, lakini ukiishia hapo umemwachia mwanachama mzigo wote. Picha ipunguzwe ndani ya simu, kabla haijagusa mtandao. Vivinjari vya leo vinaweza: unaichora picha upya kwenye kanvasi, yaani eneo la kuchorea ndani ya kivinjari, upande mrefu pikseli 1600, unaihifadhi kama JPEG ya ubora wa asilimia 80, na zile megabaiti 4 zinashuka hadi kilobaiti mia tatu au nne. Kwa mtandao ule ule wa Karura, picha inaondoka kwa sekunde tatu hivi.

Lakini ndege si mandhari. Chozi aliye juu ya mti huwa mdogo mno katikati ya picha, na ukiipunguza picha nzima unabaki na kitone cha rangi kwenye majani; wenzako hawatamtambua. Kwa hiyo kwenye tovuti za ndege naweka hatua ya kukata kabla ya kupunguza. Mtu anaburuta fremu kumzunguka ndege, sehemu hiyo tu ndiyo inayotumwa, na manyoya ya kifua yanabaki na pikseli zake zote. Hatua hii naitetea hata bajeti ikibana, kuliko nembo mpya.

Kuna mtego wa kumbukumbu hapa. JPEG ni faili lililobanwa. Likifunguliwa, kila pikseli inachukua baiti 4. Pikseli 4000 kwa 3000 zinakuwa megabaiti 48 ndani ya kumbukumbu ya simu, na picha ya megapikseli 50 inafika 200. Mtu akichagua picha kumi nawe ukazifungua zote kwa pamoja kwenye simu ya RAM ya gigabaiti 2, kivinjari kinazimika. Fungua moja, punguza, tuma, achilia, ndipo uendelee na ya pili. Zikienda moja moja, hata mtandao ukikatika kwenye ya saba, sita zimeshafika na inayorudiwa ni hiyo moja. Kuna mifumo ya kugawa faili vipande na kuendelea lilipokatikia, kama tus, nayo ni mizuri kwa video. Kwa picha ya kilobaiti 350 sioni haja.

Mzee mmoja wa chama aliwahi kunilalamikia hivi: "Kijana, nikishaandika hadithi yangu yote nikaenda kupiga picha, nikirudi maandishi hayapo." Wenzake walidhani ni uzee. Sivyo. Kamera ni programu nzito. Simu yenye kumbukumbu ndogo ikiifungua, Android inaweza kuua kivinjari kilichobaki nyuma ili ipate nafasi. Ukirudi, ukurasa unapakiwa upya na fomu ni tupu. Dawa ni kuhifadhi maandishi ndani ya simu kila mara mtu anapoandika, na kuyarejesha ukurasa unapofunguka. Ni mistari michache ya msimbo. Ukiwa hapo hapo, angalia kama kwenye kitufe cha kuchagua picha kuna sifa iitwayo capture. Iondoe. Kwenye simu nyingi inampeleka mtu moja kwa moja kwenye kamera na kumnyima galari, na hakuna mtazamaji wa ndege anayepandisha picha huku kongoti bado amesimama pale mbele yake.

Kuchora upya kwenye kanvasi kunaleta faida mbili za bure na hasara moja. Faida ya kwanza ni mwelekeo. Simu nyingi huhifadhi picha kama kihisi kilivyoiona, kisha huandika kando namba ya 1 hadi 8 inayosema izungushwe vipi. 6, kwa mfano, ni nyuzi 90 kufuata saa. Vivinjari vikubwa vimekuwa vikiitii namba hiyo tangu 2020 hivi, lakini programu ya seva inayopunguza picha bila kuisoma huitupa, na kongoti analala ubavu. Ikichorwa kwenye simu, picha inafika ikiwa imesimama.

Ya pili ni mahali. Faili linaweza kubeba latitudo na longitudo za pale ulipobonyeza. Kwa kiota cha tai, au faru wa Hifadhi ya Nairobi aliyetokea nyuma ya ndege wako, hiyo ni ramani ya jangili. Kwa kwarara aliyetua kwenye balkoni yako, ni anwani ya nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataja data ya mahali miongoni mwa vitambulisho vya mtu, kwa hiyo hili si la hiari. Kanvasi huacha maelezo hayo yote nyuma. Seva nayo iyafute tena, maana si kila kinachoifikia kimepitia ukurasa wako.

Hasara ni kwamba tarehe nayo inapotea, na picha ya ndege isiyo na tarehe haina faida kubwa kwa kumbukumbu za chama. Soma tarehe kwanza, ijaze kwenye fomu, mwenye picha aithibitishe. Mahali aandike mwenyewe, kwa jina la eneo tu: City Park, Arboretum, basi.

Wenye iPhone wana jambo lao. Tangu iOS 11 ya 2017 simu hizo huhifadhi picha kwa HEIC, aina nyingine ya faili la picha, ambayo Chrome haiifungui. Ikichaguliwa kutoka galari kupitia Safari, kwa kawaida hugeuzwa JPEG yenyewe. Taabu huja mtu anapoihamishia kwenye kompyuta kwanza. Mwambie mara tu anapoichagua kwamba haitafunguka, au igeuze kwenye seva kwa libheif, programu ya kusoma HEIC.

Mengine ni madogo. Maandishi ya fomu yasipungue pikseli 16, la sivyo iPhone inakuza ukurasa kila unapogusa kisanduku. Vitufe viwe vya pikseli 44 hadi 48. Usizuie watu kukuza kwa vidole viwili. Wanachama wengi wa vyama hivi wanavaa miwani. Andika upana na urefu wa kila picha kwenye msimbo ili ukurasa usiruke ruke unapopakia.

Baki na picha za zamani, ambazo kila chama huzisahau. Kwanza nakili zote mahali salama. Kisha andika programu ndogo ifanye kazi usiku, tovuti ikiwa na watu wachache: ianze kwa kufuta mahali kwenye kila faili linaloonekana na umma, kisha izungushe zilizolala, mwisho itengeneze nakala za upana wa pikseli 400, 800 na 1600. Usibadilishe mpangilio huo. Picha iliyolala inaweza kusubiri wiki moja; kiota hakiwezi.