Namba ya Chai Ni ya Nani?

Swali lililowahi kunipotosha zaidi katika mahojiano ni hili: "Mama, unafanya kazi gani?" Nilikuwa Rungwe, nje kidogo ya Tukuyu. Mama yule ndiyo kwanza ametua kikapu cha majani mabichi ya chai, vidole vimekolea kahawia. Akanijibu, "Sina kazi mwanangu, nipo tu nyumbani. Mkulima wa chai ni baba watoto." Nikaandika kwenye daftari: mama wa nyumbani.

Kesho yake nilirudi, nikamwamkia, nikauliza vingine: jana ulipoamka ulianza na nini, ukaishia wapi? Akazungumza saa nzima. Maji, uji wa watoto, chai, kuni, kumwogesha mama mkwe anayeugua, kisha chai tena. Halafu akafika penyewe bila kusukumwa: kwenye mizani inaandikwa namba ya mkulima aliyesajiliwa, nayo ni ya mume, na malipo yanaingia akaunti ya mume. "Namba ni yake, mgongo ni wangu."

Ufeministi wa kijamaa, unaoona ubepari na mfumo dume vikimkandamiza mwanamke kwa pamoja, umo humo. Jani la chai linanunuliwa kwa bei ndogo kwa kuwa kuna mtu anayepika, anayeteka maji na kuuguza bila kulipwa na yeyote. Hapo ubepari unafaidi. Mfumo dume nao unahakikisha mtu huyo hamiliki shamba wala hashiki fedha. Ukipambana na kimoja ukakiacha kingine, mama yule habadilikiwi na kitu.

Azimio la Arusha la 1967 liliona nusu ya jambo hili, nami naliheshimu kwa hilo. Lilitamka wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 hata 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Lakini dawa yake ilikuwa kuwahimiza wanaume waongeze juhudi. Mavuno yawe ya nani, ya mke au ya mume? Hapo halikugusa.

Ndiyo maana naamini utafiti raghbishi, ule ambao TGNP, yaani Mtandao wa Jinsia Tanzania ulioanzishwa 1993, imeujengea mizizi: wanaohojiwa wanachambua wenyewe hali yao na kuamua la kufanya. Mtafiti Marjorie Mbilinyi aliandika mwaka 1989 kuhusu kazi yake na Rebeka Kalindile, mkulima wa hukohuko Rungwe, na hakuficha kwamba kusimulia maisha nako ni kazi, yenye mvutano wa madaraka kati ya msimulizi na mwandishi. Tangu niisome, siondoki kijijini kabla sijawasomea watu nilichoandika.

Nilipomsomea mama yule, majirani watatu walikuwa wamekuja kusikiliza. Mmoja akauliza, hiyo namba inaombwaje? Sikuwa na jibu. Alhamisi wakaenda wote wanne ofisi ya chama cha wakulima wa chai kuuliza.